Chini, Mkono wa Kushoto

Kuna jiwe lilipita mjini likitembea kama uji, likala nyumba, likala na kanisa, kisha likalala. Na leo watu wanaanika nguo mgongoni mwake. Ni nini? Mtu wa Goma hachelewi kujibu: ni lava ya Nyiragongo. Basi jiwe hilo ndilo lililowakutanisha Kahindo na Védaste, maana njia ya kuteremkia soko la Virunga ilikuwa bado imejaa vibyongo vyake, na tshukudu haipendi vibyongo.

Tshukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio wala huruma. Wenye kuizoea huishusha mlimani na magunia ya viazi huku wakiimba. Védaste hakuwa mmoja wao. Alikuwa mwalimu wa sekondari, kijana mrefu wa Rutshuru, shati jeupe limepigwa pasi, tai nyekundu imekaza shingo, na asubuhi ile aliazima tshukudu ya jirani ili abebe ubao mweusi wa kufundishia. Kibyongo cha kwanza kilimtikisa. Cha pili kikamtupa. Ubao ukaruka peke yake, ukapita juu ya nyanya, ukatua katikati ya bitenge, vitenge vya kuuza vya Kahindo, vilivyokuwa vimepangwa kwa rangi kama mabega ya wanakwaya.

"Mama yangu! Huyu anaua batu!" akapiga kelele mama Charline, muuza sabuni wa meza ya pembeni.

Kahindo aliinuka polepole. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye maua ya njano, libaya, yaani blauzi, lenye mabega yaliyovimba kama maandazi ya Krismasi, na nywele zake zilisukwa mistari midogo midogo hadi kisogoni. Alimtazama yule mwalimu aliyekaa chini, vumbi jeusi la lava limempaka hadi kwenye nyusi.

"Papa, tshukudu yako haina frein, haina breki?"

"Frein yake ni kiatu yangu, mama. Na kiatu yangu imeisha."

"Sasa unatafuta tableau, ubao, mbele ya kutafuta kiatu?"

"Unisamehe sana. Hakuna kitenge imepasuka?"

"Kitenge hapana. Roho yangu njo imepasuka. Hiyo nani atashona?"

"Niko mwalimu. Najua kushona na maneno."

"Weee! Maneno ya walimu inafumuka haraka!"

Wamama wakacheka. Védaste naye akacheka, na meno yake yalikuwa meupe sana kwenye uso ule mweusi wa vumbi. Kahindo akageuka kukunja vitambaa, kumbe anaficha tabasamu.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na sita. Vita vilikuwa vimepunguza sauti, si kwamba vimekwisha. Hakukuwa na nyumba mjini isiyokuwa na mtu aliyewahi kulala chini ya shitingi, turubai la wakimbizi, kambini Mugunga. Lakini kura ilikuwa inakuja, kura ya kweli, na wagombea walikuwa wengi kuliko vidole vya mikono na miguu ya mtu mmoja. Parokia ilimtuma Védaste afundishe watu wa soko namna ya kuwapambanua. Ndiyo maana ya ubao.

Aliusimamisha pale pale, ukiegemea meza ya Kahindo. "Mama, unaniazima ukuta?"

"Meza yangu si ukuta. Lakini simamisha, tuone."

Akachora mstari mmoja uliolala. "Hii njo batu ya politique, ya siasa, banapenda kuchora. Huku gauche, kushoto. Huku droite, kuume."

"Mwalimu," mama Charline akamkatiza, "mimi kushoto siendi. Mukono ya kushoto ni ya kujipangusia."

"Ngoja, mama. Huu mustari unauliza kitu moja tu: mali. Mashamba, madini, soko. Wa kushoto anasema, tugawane, serikali ikusanye, itoshe kwa bote. Wa kuume anasema, kila mutu ashike yake, afanye biashara yake."

"Basi tumemaliza. Biko bawili tu."

"Bado." Akachora mstari wa pili, uliosimama, ukikata ule wa kwanza katikati. Mama Charline alipoona vile akafanya haraka ishara ya msalaba, na wamama wawili watatu wakamfuata, kwani mwalimu ametumwa na parokia, pengine sala ndiyo inaanza. Kahindo alicheka hadi akashika meza.

"Si musalaba, ba mama! Huu wa pili unauliza kitu ingine: fimbo. Huku juu, biko wenye kusema, chef, mukubwa wao, akisema bote batii. Huku chini, biko wenye kusema, muache mutu apumue, achague, akatae. Sasa muangalie. Batu bawili banaweza kupatana juu ya shamba na kugombana juu ya fimbo. Ukiwa na mustari moja, unaona pande mbili tu. Ukiwa na miwili, unaona nyumba ina bichumba bine."

Hilo lilimwingia Kahindo. Katika mji ule, neno "upande" lilikuwa neno la kutetemesha. Hakuwahi kufikiri kwamba pande zinaweza kuzidi mbili.

Somo lilikuwa la kila wiki. Védaste alianza kuja hata siku zisizo za somo, mara kuuliza kama ubao umeacha chaki mezani, mara kununua kitenge cha shangazi yake Pascasie, aliyemlea. Na shangazi mmoja ni wa kuvaa bitenge vingapi? Kisha zikaja simu. Alikuwa anabipu mara moja, Kahindo anajua ni yeye, anasubiri.

"Umenibipu, mwalimu. Inite ya simu imeisha?"

"Inite iko. Nilitaka kusikia kama utaniita."

"Sasa nimekuita. Sema."

"Umekula?"

"Njo hiyo tu? Mwalimu muzima na diplôme, swali yako ni umekula?"

"Ndiyo, chérie. Kama hujakula, sambaza biko moto hapa kando ya ziwa. Na ndimu iko."

Alikwenda. Walikula sambaza kwa mkono, samaki wadogo wa kukaangwa wanaolia kwenye meno, upepo wa Kivu ukicheza na ncha ya kitenge chake. Védaste alimtegea kitendawili: "Nimekibeba tangu Rutshuru, hakina uzito, lakini nikikiweka chini siwezi kulala."

"Jina ya mama yako?"

"Hapana."

"Woga?"

"Nilikuwa nao. Sasa ni jina yako."

"Muongo! Rutshuru ulikuwa hunijue!"

"Basi nilikibeba bila kujua."

Kahindo akamtupia ndimu iliyokamuliwa. Ikampata kwenye tai. Tangu siku ile hakuna aliyewauliza tena kama wanapendana. Hata mama Charline alianza kumwita Védaste "mukwe".

Sasa penzi likinoga, mtu husahau kuchunga mdomo. Siku moja soko lilikuwa limefurika, somo limenoga, wagombea wamewekwa ubaoni kila mmoja na kichumba chake, na watu wanabishana kwa raha. Mwanaume mmoja wa kuuza betri akapaza sauti:

"Mwalimu! Batu yote umebapanga. Na huyu Kahindo wako, utamuweka wapi?"

Védaste alifurahi kupita kiasi. Akachukua chaki, akainama, akapiga nukta kubwa nyeupe kwenye pembe ya ubao.

"Kahindo? Huyu iko hapa! Chini kabisa! Kushoto kabisa!"

Soko lililipuka kwa kicheko. Aliongeza, "Na mimi niko pembeni yake," lakini hayo yalimezwa na kelele, na hakuna aliyeyasikia.

Kwake yeye ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Chini, maana anapenda watu wapumue. Kushoto, maana ana moyo wa kugawana. Alimpa chumba chake mwenyewe. Lakini Goma, mtu wa juu ni yule mwenye jeep na walinzi, na mtu wa chini ni yule anayefagia njia jeep ipite. Na mkono wa kushoto mama Charline alishausema kazi yake. Kahindo alisimama pale, libaya lake jipya la bluu mwilini, akasikia mpenzi wake akimtangazia soko zima kwamba yeye ni mtu wa chini, wa kushoto. Alikunja bitenge vyake, akafunga mzigo, akaondoka kabla ya saa sita.

"Kahindo! Unaenda wapi? Kahindo!"

"Naenda chini," akajibu bila kugeuka. "Si njo nafasi yangu?"

Habari ni mnyama gani? Anatoka nyumbani bila miguu, anafika kwa jirani ana miguu kumi. Kabla Kahindo hajafika kwao Majengo, mama Charline alikuwa amekwisha kumpigia simu baba yake, muzee Hilaire, aliyekuwa na duka la misumari na mabati. Na ilipofika, habari ilikuwa hivi: yule mwalimu wa Rutshuru amesema mbele ya watu kwamba watu wa Butembo, walikotoka akina Kahindo, wote ni watu wa chini.

Muzee Hilaire hakufoka. Alizima redio, akavua miwani, akamwita binti yake akae.

"Ni kweli alikupanga?"

"Ni kweli, papa. Lakini juu ya Butembo hakusema kitu. Mama Charline ameongeza chumvi."

"Chumvi iwe au isiwe. Alishika chaki, akakuweka pahali?"

"Ndiyo."

Mzee akasema jambo ambalo binti yake hakuwahi kulisikia. "Baba yako mudogo Guylain, tulikuambia alikufa na malaria. Hapana. Ile vita ya kwanza, alikuwa anatoka Sake na mihogo. Ku barrière, kizuizi ya askari, bakamuuliza, uko upande gani? Akatazama makoti, akafikiri ni bale ba jana. Akajibu ya bale ba jana. Kumbe ni bengine." Alifuta miwani kwa shati ingawa haikuwa na vumbi. "Mutu mwenye kupanga batu namuogopa, Kahindo. Iwe na bunduki, iwe na chaki. Jumamosi utapanda gari uende kwa shangazi yako Butembo. Huyu kijana utamusahau."

Siku tatu simu ya Kahindo ilizimwa. Asubuhi ya Ijumaa, mzigo wake ukiwa tayari umefungwa kamba, aliiwasha ili achukue namba ya shangazi. Ikalia papo hapo mkononi.

"Kahindo! Usikate! Roho yangu, usikate."

"Nakusikia. Sema mbio."

"Nimekosa nini? Niambie, maana nimejiuliza hadi kichwa imechoka."

"Umeniita mutu ya chini mbele ya soko yote."

Védaste akapiga kelele kama aliyekanyaga kaa la moto. "Chini? Chini ya mustari! Kahindo, chini njo kwenye uhuru! Njo nafasi ya muzuri! Na mimi niko pale pale, nilisema, niko pembeni yake!"

"Hilo sikulisikia."

"Bakacheka kwa nguvu!"

Alitaka kucheka, akajizuia. Hasira yake ilikuwa imelegea upande mmoja tu. "Védaste, sikiliza. Chini au juu, hiyo naweza kuvumilia, ni makosa ya kuchekesha. Lakini hukuniuliza. Ulishika chaki, ukaniweka. Hapa kwetu batu balikufa kwa kuwekwa." Akamweleza habari ya baba mdogo Guylain.

Védaste alilirudia jina la Guylain kwa sauti ya chini.

"Nitakuya leo," akasema.

"Papa hatakubali kukuona."

"Nitakuya tu."

"Basi usikuye peke yako kama mwizi wa kuku. Kuya na mukubwa. Na uvae kiatu."

Alasiri walifika. Shangazi Pascasie alikuwa amejifunga mushanana wa zambarau, vazi la heshima, begani umefungwa vizuri, kichwa juu, mwendo wa mtu ambaye hajawahi kukimbia ingawa vita vilimkimbiza mara nyingi. Védaste alibeba bidoni la kasiksi, divai ya ndizi, kwa mikono miwili. Viatu vilikuwa vipya na vilikuwa vinamuuma, ilionekana.

Muzee Hilaire aliwapa viti uani. Heshima ni heshima. Lakini bidoni hakuligusa. Kahindo alisimama mlangoni, mzigo wake wa safari nyuma yake.

"Mama, nakusalimia," mzee alimwambia Pascasie. "Na wewe kijana. Kabla hatujaongea ya mutoto, nitakuuliza swali moja. Hutanijibu na politique." Akainama mbele. "Uko upande gani?"

Shangazi Pascasie ndiye aliyejibu, kabla Védaste hajafungua mdomo.

"Muzee, hiyo swali baliniuliza tukitoka Rutshuru. Huyu alikuwa mutoto, namushika mukono, na mudomo wake nimefunika na kiganja asiseme jina. Askari akasema, uko upande gani, mama? Mimi nikamuambia, tuko upande ya njaa. Akacheka. Akatuacha tupite. Muzee, kama asingecheka, leo hungekuwa na mutu wa kukasirikia."

Mzee Hilaire alimtazama yule mama kwa muda. Uso wake haukulegea, lakini mabega yalishuka kidogo.

"Papa," Védaste akasema, "naogopa hiyo swali kama wewe. Njo maana nachora mistari miwili. Ukiwa na moja, kuna sisi na kuna bao, na katikati kuna barrière. Ukiongeza wa pili, mutu anashituka: huyu niliyefikiri ni adui, juu ya fimbo tunasema kitu moja! Nilitaka batu basichukiane. Lakini nilikosa. Nilishika chaki nikamuweka Kahindo bila kumuuliza. Hata kama nilimuweka pahali pa muzuri, nilifanya kazi ya bale ba ku barrière. Naomba samahani kwako. Na kwake zaidi."

"Na ukirudi mu soko?"

"Mugombea nitamuweka, maana anaomba kazi kwetu. Mutu mwingine atashika chaki yeye mwenyewe, ama haandikwi."

Mzee akakuna kidevu. "Hiyo ni neno," akasema mwishowe. "Basi chora hapa. Nione hii kitu imenikosesha usingizi."

Védaste aliokota kipande cha makala, mkaa wa kupikia, jikoni, akachora mistari miwili kwenye saruji ya uani, akaeleza tena, polepole, mali na fimbo. Kisha akanyoosha kiganja, kaa lile la mkaa juu yake. Kahindo alitoka mlangoni, akalichukua, akaizunguka michoro ile kama mtu anayechagua mahali pa kujenga. Aliinama.

Nukta ilikuwa chini, ndiyo. Lakini ilikuwa kuume. Kuume kabisa.

"Huko?" Védaste alisema, macho yamemtoka.

"Huku. Fimbo sipendi. Lakini bitenge yangu ni yangu, na soko ni soko. Védaste, umekaa ku meza yangu wakati huu yote unaona nabishana bei na batu, ukafikiri nataka kugawa bure?"

Shangazi Pascasie alijifunika mdomo na ncha ya mushanana. Mzee Hilaire alitoa sauti fulani. Kumbe ni kicheko, kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kazi.

"Lakini mimi niko huku kushoto," Védaste alisema kwa huzuni. "Nilifikiri tuko chumba kimoja."

"Sasa tuna mulango kati yetu. Unaogopa kubisha?"

"Siogopi."

"Utaniomba kugawa bitenge?"

"Nitaomba. Utakataa. Nitaomba tena."

"Basi nitakuwa na mutu wa kuongea naye hadi uzee," Kahindo akasema, na sauti yake ikawa laini ghafla. "Bisha, Védaste."

Hakuwa na pete. Alipiga goti moja kwenye saruji, akagonga mara mbili kwa kidole juu ya ule mstari uliosimama, kama anayebisha hodi. "Kahindo, unanikubali?"

"Karibu," akasema.

Shangazi Pascasie alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. "Na wewe, muzee! Shika makala, tukuone!"

"Mimi? Mimi hakuna mutu atanipanga. Hata mimi mwenyewe."

"Ah! Basi uko chini kabisa, kuliko bote!" Védaste alisema, kisha akaogopa alichosema.

Mzee alimkazia macho. Kisha akavuta bidoni, akafungua kifuniko, harufu ya ndizi tamu ikajaa uani. "Mutoto, lete bilauri. Na ule muzigo, ufungue kamba." Akamwaga ya kwanza, akampa shangazi kwa mikono miwili. "Harusi itakuwa nyuma ya kura. Nataka kuona kwanza kama inchi yetu itabaki."

"Na kama haikubaki, papa?" Kahindo aliuliza.

"Basi mutaoana mbiombio," akasema muzee Hilaire, na akamjazia mkwe wake bilauri hadi ikafurika.